Barua Yangu Kuhusu Sauti ya Mzee

Niliandika barua iliyosema mzee fulani hafai kuongoza sala katika sinagogi moja. Mimi si Myahudi. Sinagogi ile haikuwa yangu. Nilikuwa mwimbaji wa kulipwa, nikisoma Kiebrania kwa herufi za Kilatini zilizopigwa chapa chini ya nota. Niliombwa maoni, na jibu la kweli lilikuwa fupi: sijui. Sikulitoa.

Sinagogi kadhaa za Marekani, zile zisizo za tawi la Orthodox linaloshika desturi za kale kwa ukali, huchukua waimbaji kutoka nje kwa ajili ya Rosh Hashana, mwaka mpya wa Kiyahudi, na Yom Kippur, Siku ya Upatanisho. Sikukuu hizo huangukia Septemba au Oktoba. Besi hatupatikani kwa wingi, malipo si mabaya, na mtu aliyekulia katika kwaya ya Kilutheri kule Usambara hahitaji kufundishwa kusimama asubuhi nzima bila kulalamika. Nilianza kama besi wa kawaida katika sinagogi moja ya New Jersey. Baada ya misimu kadhaa nikakabidhiwa mazoezi ya kwaya. Hapo kichwa kikavimba.

Watu wengi huku kwetu wakisikia sinagogi humfikiria rabi tu. Rabi hufundisha, huhubiri na huamua maswali ya sheria. Lakini sala yenyewe huongozwa na kantori, anayesimama mbele ya sanduku la Torati na kuiimba karibu yote, mwanzo hadi mwisho. Kantori wetu alikuwa mwanamke. Orthodox hawalikubali jambo hilo; chuo cha tawi la Reform kilimsimika mwanamke wa kwanza, Barbara Ostfeld, mwaka 1975, na seminari ya tawi la Conservative, ambalo sinagogi yetu ilikuwa chini yake, ilifuata mwaka 1987. Mwishoni mwa kiangazi kimoja kantori huyo alifanyiwa upasuaji wa koo, akakatazwa hata kunong'ona. Sikukuu zilikuwa mlangoni.

Waliobaki walikuwa wawili. Mmoja ni mzee, mhasibu mstaafu, aliyekuwa akiongoza sala za asubuhi siku za kazi, zile ambazo watu hupitia kabla ya kwenda ofisini. Mwingine ni kijana wa chuo cha muziki, aliyezaliwa na kukulia katika sinagogi ile, mwenye sauti ya tatu ambayo ungependa kuiazima. Kamati ya sinagogi ikaniomba niwasikilize wote wawili, kwa kuwa kwaya ingefuatana na yeyote atakayechaguliwa.

Nyumbani tulikuwa na mashindano ya kwaya. Majaji walikaa meza ya mbele na karatasi zao: sauti, matamshi, mwendo, nidhamu, sare. Karatasi ile nilikuwa nimeibeba kichwani hadi New Jersey. Tena nilikuwa nimejisomea kidogo, na kidogo hicho ndicho kilichonipa ujasiri. Nilijua kwamba Schubert alimtungia kantori Salomon Sulzer wa Vienna Zaburi ya 92 kwa Kiebrania mwaka 1828. Nilikuwa na rekodi za Yossele Rosenblatt, kantori aliyekataa mwaka 1918 kuimba katika opera ya Chicago, ingawa aliahidiwa dola 1,000 kwa kila onyesho. Hiyo ndiyo iliyokuwa picha yangu ya kantori: sauti kubwa, na dunia inaipigia hodi.

Nikaandika kwamba sauti ya mzee imechoka. Kwamba inatetemeka juu na kushuka nusu toni kila baada ya kurasa chache, na kwaya italazimika kumkimbiza. Kuhusu kijana niliandika kwamba ni kipaji ambacho sinagogi isikikalie. Mjumbe mmoja wa kamati aliisambaza barua pepe ile kwa watu wengi kuliko alivyokusudia. Mzee alikuwa mmoja wao.

Siku ya kwanza ya Rosh Hashana ikafika. Kabla ya Musafu, sala ya nyongeza ambayo siku hiyo ni ndefu na nzito, kantori husali peke yake kwa sauti mbele ya watu wote. Sala hiyo huitwa Hineni. Ndani yake anakiri kuwa hastahili kazi aliyopewa na anaomba makosa yake yasiwaponze waliomtuma. Kijana aliimba kukiri huko kana kwamba anadai haki yake. Nywele zilinisimama. Nilimtafuta mwenyekiti wa kamati kwa macho, nikitaka anione nikitabasamu.

Kilichofuata kinahitaji maelezo, maana hapo ndipo kazi ya kantori ilipo, na mimi sikuwa nimeiona kwa misimu yote niliyokuwa nikisimama hatua chache nyuma yake. Sala kuu, Amida, kila mtu huisema kwanza kimyakimya, kisha kantori huirudia kwa sauti. Zamani wengi hawakujua kusoma na hawakuwa na vitabu. Walisikiliza, wakaitikia amina mwishoni mwa kila baraka, na ikahesabika kuwa nao wamesali. Leo vitabu vipo kila kiti, lakini mpango ni uleule. Kati ya nyimbo kubwa, zile ambazo kwaya huzifanyia mazoezi, kuna mistari mingi isiyo na nota popote, inayoimbwa kwa mahadhi yaitwayo nusahi. Siku za kazi zina nusahi yake, Sabato ina yake, na sikukuu hizi za toba zina yake. Aliyeizoea, hata akifumba macho, anajua kwa masikio tu ni siku gani, sala imefika wapi, na lini baraka inakaribia kufungwa ili avute pumzi ya kuitikia.

Kijana alikuwa amezijua nyimbo kubwa kutoka kwenye rekodi. Mistari ya katikati aliipitisha kwa mahadhi ya Sabato, maana ndiyo aliyokuwa nayo tangu utotoni. Na pale mwisho wa baraka, mahali watu wanapongoja dalili, aliongeza madoido.

Mwanzoni nilidhani ukimya ule ni wa kuvutiwa. Nilikuwa nimeshawahi kuusikia ukumbini, ule ukimya wa watu waliosahau kukohoa. Lakini huu ulikuwa na kelele ndani yake: karatasi. Watu walikuwa wakifunua kurasa mbele, kisha nyuma, kisha mbele tena. Mama mmoja aliyekaa karibu na kwaya aliweka kidole kwenye mstari, akamwinamia jirani yake, naye jirani akainua mabega. Amina zilianza kuja vipande vipande, moja huku, nyingine kule. Baraka moja ilipita bila amina kabisa. Kijana hakuona, alikuwa amewapa mgongo, kama ilivyo desturi, akitazama sandukuni. Mimi niliona, na bado nikajiambia kwamba watazoea.

Kisha, kutoka safu za nyuma, nikasikia amina moja. Haikuwa ya nguvu. Ilikuja mahali pake hasa, na sinagogi nzima ikaikamata. Baraka iliyofuata, vilevile. Niligeuza kichwa, jambo ambalo huwa nawakataza wanakwaya wangu. Alikuwa mzee. Amekaa, kitabu kimefungwa magotini, midomo inasogea. Hakuwa akishindana na mtu. Alikuwa akisali tu, na kwa kuwa alijua kila baraka inapoishia, watu walimfuata yeye. Mbele tulikuwa na sauti nzuri na kwaya ya kulipwa. Sala ilikuwa nyuma.

Nilikuwa nimekosea. Si kidogo, na si katika jambo la pembeni. Nilichagua kitu ambacho hakikuwa kinatafutwa.

Siku chache baadaye nilikwenda kwa rabi, nikitumaini kidogo kwamba ataniambia ni bahati mbaya. Akafungua Shulhani Aruhi, kitabu cha sheria cha Yosef Karo kilichochapishwa Venice mwaka 1565. Sifa za anayewaongoza watu katika sala zimeorodheshwa humo: asiwe na sifa mbaya, awe mnyenyekevu, awe anakubalika kwa watu, awe na sauti ya kupendeza, awe amezoea kusoma maandiko. Sauti ipo, lakini ipo kwenye foleni. Halafu rabi akasogeza kidole chini kidogo. Moshe Isserles, aliyeongeza maelezo katika kitabu hicho, anaweka kesi: kuna mzee asiye na elimu mwenye sauti tamu ambayo watu wanaitaka, na kuna mvulana wa miaka 13 mwenye sauti isiyopendeza, ila anaelewa anachosema. Anayetangulia ni mvulana. Umri ulikuwa umegeuzwa kinyume na kesi yangu, lakini hukumu niliielewa. Hakimu alikuwa ameshaitoa kabla babu wa babu zangu hawajasikia neno kwaya.

Msomaji wa pwani pengine angefika huko haraka kuliko mimi. Ukimtuma mshenga kuposa, humchagui kwa sura yake. Unamchagua kwa kuwa anakujua wewe na anajua kinachopaswa kusemwa, maana akiteleza yeye umeteleza wewe. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inasema karibu hivyo: mjumbe wa umma akikosea katika sala, ni ishara mbaya kwa waliomtuma.

Hata Rosenblatt nilikuwa nimemsoma vibaya. Kukataa kwake opera nilikuchukulia kama hadithi ya mtu aliyekuwa na bei kubwa. Sikujiuliza Sabato iliyofuata alirudi kumwimbia nani. Rekodi za enzi zake zilibeba dakika tatu au nne kila upande, na zangu hazikuwa na mtu hata mmoja wa kuitikia.

Gharama ya barua yangu ilikuwa hivi. Siku ya Upatanisho kamati ilimwomba mzee aongoze. Alikataa bila maneno mengi, na rabi akaongoza mwenyewe huku sauti ikimkatika. Majira ya baridi yote mzee hakuongoza tena sala za asubuhi, na mara nyingine hakuja. Sala hizo zinahitaji Wayahudi wazima kumi. Wasipotimia, Kadishi, sala ya wafiwa, haisemwi. Mzee ndiye aliyekuwa akijua nani amefiwa na nani, nani asomewe polepole, na nani apigiwe simu alfajiri ili kumi wapatikane. Asubuhi kadhaa hawakupatikana, na waliokuwa na msiba waliendesha gari hadi mji wa jirani. Kamati haikunifukuza. Iliacha tu kuniuliza.

Mwaka uliofuata, kabla ya Siku ya Upatanisho, nilikwenda nyumbani kwa mzee. Kwa Wayahudi, kosa kati ya mtu na mtu halifutwi na siku hiyo mpaka aliyekosewa aombwe radhi, na nilikuwa nimeimba kuhusu toba kwa malipo muda mrefu kiasi cha kuona aibu. Alinikaribisha chai. Akasema kuhusu sauti niliandika kweli, hata mkewe humwambia. Akasema amerudi kuongoza asubuhi, nije kama napenda, ila nisijidhanie msaada kwa sababu sihesabiwi katika wale kumi. Nilikwenda. Alishuka nusu toni, na wote waliokuwemo wakashuka naye, akiwemo mwanamume mmoja aliyesoma Kadishi kwa kusitasita, huku mzee akimsubiri kila neno.

Kwa kijana nilichelewa zaidi. Mzee nilimkosea kwa kumdharau, na dharau ina namna inayojulikana ya kuombewa radhi. Kijana nilimsifu, nikamsukuma mbele ya watu waliomlea bila kumuuliza kama anaijua njia. Nilipomwandikia, alijibu kwa adabu. Anaendelea na masomo, anaimba katika kwaya ya opera, na Rosh Hashana siku hizi huenda kwa shangazi yake, katika sinagogi ambako hakuna anayejua kwamba yeye ni mwimbaji.