Kuwatayarisha Waandishi wa Kitabu cha Shule

Shule zifungwapo mwezi wa Desemba, wengi hudhani ya kwamba walimu tumekaa kivulini. Labda wako walio hivyo. Lakini sisi tuliopewa ulezi wa kitabu cha mwaka, kile waandikacho wanafunzi wenyewe, twajua ya kuwa kitabu cha kutoka Novemba hakina budi kutengenezwa tangu kabla ya Januari.

Wala kazi hii si ngeni kwetu. Mwaka 1888, huko Kiungani, Unguja, shule ya misheni ya UMCA ilianza kupiga chapa gazeti liitwalo Msimulizi, lenye habari za shule na barua za waliokwisha kutoka kwenda kufundisha bara. Atakaye leo kujua habari za vijana wale hulitafuta gazeti hilo.

Basi huwachagua watoto wanane, wala si wenye insha nzuri tu. Twamtaka na ajuaye hesabu, maana karatasi kubwa ya mpiga chapa, ikikunjwa, hutoa kurasa 16. Kwa hiyo kitabu huwa cha kurasa 32, au 48, au 64. Mtoto akizidisha kurasa mbili kwa kupenda mashairi yake, gharama yapanda na wazazi ndio walipao.

Lakini somo kubwa ni la majina. Mmoja huandikwa Yohana kanisani, Johana katika daftari la shule, na John katika cheti cha kuzaliwa. Twawafundisha waandishi wetu wasinakili daftari, bali wamwendee mwenye jina, wamsomee herufi kwa herufi, naye atie sahihi yake. Kazi hiyo yachosha, nao hunung'unika sana.

Kadhalika picha. Zamani zilipigwa mwisho wa mwaka, nao walioondoka katikati, kwa ada au kwa ugonjwa, hawakuonekana kabisa. Mwaka mmoja waandishi wetu walishindana juu ya jambo hili. Mmoja alisema kitabu ni cha waliomaliza, binti mmoja akamjibu, "Je, aliyekaa nawe dawati moja miezi sita hakuwa mwenzio?" Tukakata shauri: picha zipigwe Januari, na aliyeandikwa Januari asifutwe.

Mwaka uliofuata mama mmoja alitujia Desemba akiuliza bei ya kitabu. Mwanawe aliugua Julai, akafariki. Simu zimejaa siku hizi, lakini nyumbani mwake haikuwamo hata moja ya kupigia picha. Waandishi walimfungulia ukurasa, akalisoma jina polepole kwa kidole. Lilikuwa sawasawa. Kitabu hakikuuzwa, alipewa.

Sasa waandishi wapya watakutana Jumatatu ya kwanza shule ifunguliwapo, na mpiga picha atakuja juma la pili. Wazazi, twawaomba kila mtoto aje na karatasi yenye jina lake lote, mliloliandika kwa mkono wenu wenyewe.