Sura ya Mama Katika Chumba cha Giza

Mama yangu alikuwa hapendi kupigwa picha. Ukimwelekezea simu tu, anajifunika khanga au anakumbuka ghafla kwamba ameacha chungu jikoni. Sisi watoto tulidhani ni haya za watu wazima. Kumbe ni ile picha ya harusi.

Wasomaji wenzangu, nawasimulia. Ilikuwa harusi ya mama mdogo, mwanzoni mwa miaka ya 90, na picha ni ya rangi. Bibi harusi yupo katikati, gauni lake jeupe pe. Pembeni amesimama mpambe wake, ndiye Mama, mweusi tii kama bibi yetu. Lakini uso wake haupo. Macho yapo, meno yapo, kwingine kote ni giza tupu. Albamu ile ilizunguka ukoo mzima, na kila ilipofika watu waliuliza, "Na huyu aliyevaa meno ni nani?" Mama naye alicheka pamoja nao. Tangu hapo akaiogopa kamera.

Mimi filamu ya nyeusi na nyeupe niliianza kwa maringo tu, niseme kweli. Jirani yetu hapa Tanga, mzee aliyekuwa fundi picha kabla studio yake haijafungwa, alinipa kamera ya kuzungusha filamu kwa mkono, akaniazima na mashine ya kukuzia picha iliyokuwa imelala stoo. Filamu nikaagiza Nairobi: Ilford HP5 Plus, kasi ya 400, picha 36. Bei yake inauma, kwa hiyo hupigi ovyo. Kwenye simu nina maelfu ya picha na wala sizitazami. Ukiwa na 36 tu, kila moja unaifikiria kwanza.

Mkanda wa kwanza nilimpiga kaka yangu mbele ya ukuta wa chokaa. Akatoka kivuli. Nikamwendea mzee, nikamwamkia, nikamwonyesha. Hakucheka.

"Ulipima nini, mwanangu? Uso au ukuta?"

Akanifundisha. Kipimo cha mwanga cha kamera hakimjui mtu. Kila kinachokiona kinadhani ni kijivu cha wastani. Ukikielekeza kwenye ukuta mweupe kinaona mwanga umezidi, basi kinakuambia uupunguze, na anayeumia ni mwenye uso mweusi. Sogea karibu, pima uso, kisha rudi nyuma upige. Ukuta ukiungua, acha uungue.

Hapo ndipo nilipoielewa ile picha ya harusi. Gauni lilitunzwa, mpambe akasahauliwa.

Nilipozidi kusoma nikakuta jambo hili halikuwa la ukoo wetu peke yake. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi Marekani zilisahihisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi hiyo iliitwa Shirley, na mtafiti Lorna Roth wa Kanada aliiandikia makala mwaka 2009. Ngozi ya mwanamke yule ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi zote. Nikamtazama na Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake mwaka 1948, akiwapiga watu weusi kwa nyeusi na nyeupe, kwa mwanga wa jua. Katika picha zake nilizoziona sijaona uso uliopotea. Si kwamba filamu ile inampendelea mweusi, la hasha; mkanda wangu wa kwanza ni shahidi. Ila kazi inabaki mkononi mwako tangu mwanzo hadi mwisho. Ukikosea ni wewe, ukipatia ni wewe.

Ilinichukua mwezi kumshawishi Mama. Alikubali kwa sharti moja: nisimwonyeshe mtu. Akakaa kwenye kigoda uani, saa kumi jioni, kivulini. Nikamsogelea, nikapima shavu.

"Mbona waja karibu hivyo?"

"Nakupima, Mama."

"Kama nguo?" Akacheka. Nikabonyeza.

Joto la Tanga si rafiki wa dawa za picha. Dawa ya kusafishia filamu inataka nyuzi 20, na maji ya bomba yalikuwa vuguvugu. Nilinunua barafu kwa wauza samaki, nikazamisha kopo la filamu ndani ya beseni. Dakika saba na nusu nilikuwa nalipinduapindua huku moyo unadunda.

Usiku wa pili tuliziba dirisha la bafu kwa blanketi, tukawasha taa nyekundu, tukapanga masinia matatu. Mzee alikuja na kipande kidogo cha kadibodi kilichofungwa kwenye waya. Mwanga wa mashine ulipoangukia karatasi, akanionyesha namna ya kukichezesha juu ya uso, sekunde chache tu, ili uso usiive kupita kiasi.

Karatasi ikaingia kwenye dawa. Mwanzo nyeupe. Mara pindo la khanga, mara nywele, mara mashavu, na lile kovu dogo juu ya nyusi ambalo hakuna picha iliyowahi kulionyesha. Kumbe weusi wake una weusi mwingi ndani yake.

Asubuhi nilimpa. Aliitazama kwa muda mrefu, hakucheka.

"Sikujua kama nimefanana na mama yangu hivi."

Kisha akauliza, "Unaweza kutoa nyingine?"

"Hata kumi, Mama. Negativu ipo."

"Basi toa moja umpelekee mama yako mdogo. Mwambie aibandike kwenye ile albamu."