Vidonge na Kizazi

Guangzhou, 14 Machi 2024
Ramadhani imeingia juzi na ninafunga bila shida. Zamani siku kama hizi ningekuwa nimejikunja sakafuni, natapika. Nyumbani Temeke walisema ni chango, litaisha nikizaa. Nimekaa nalo tangu usichana mpaka hapa mtaa wa Xiaobei ndipo nilipoambiwa ni endometriosisi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwanamke 1 kati ya 10 wenye umri wa kuzaa anao ugonjwa huu. Basi hakuna ghorofa la Kariakoo asipokuwepo mmoja, na huenda ameambiwa avumilie.

Nikishafuturu nameza kidonge cha dienojesti, miligramu 2. Hedhi imekata, maumivu yamekata. Alhamdulillahi.

21 Machi
Kipimo leo. Daktari, mama wa makamo, alinigeuzia skrini nione mwenyewe: duara la kijivu kwenye ovari ya kushoto, ndani damu nzito ya siku nyingi. Nikamwuliza kupitia simu inayotafsiri: nikimaliza dawa hizi, nitapata mimba? Akachukua kalamu, akachora mishale miwili inayoachana. Mmoja akauandikia maumivu, mwingine mtoto. Kidonge akakichora kwenye mshale wa maumivu peke yake.

Dienojesti ni homoni ya jamii ya steroidi. Inazuia mayai yasipevuke na kuudhoofisha ule utando ulioota mahali pasipo pake. Yai lisipopevuka, mimba itatoka wapi? Mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Ulaya wa 2022 unasema wazi kwamba mwanamke anayetafuta mtoto asipewe dawa za kuzilaza ovari kwa nia ya kumwongezea uwezo wa kushika mimba. Mbona hili halisemwi mapema? Mwanamke wa miaka 35 akimeza miaka miwili akidhani anatibiwa ugumba, miaka hiyo nani atamrudishia?

2 Aprili
Futari kwa mama mmoja wa Mombasa, anauza vitenge hapa tangu zamani. Yeye alipewa danazoli, steroidi iliyoanza kutumika kwa ugonjwa huu miaka ya 1970, jamaa ya homoni za kiume. Chunusi, unene, ndevu kidevuni, na sauti ikawa nzito. Ndevu zimeondoka, sauti imebaki. Alikuwa msomaji wa maulidi. Tangu hapo hasomi mbele za watu, nami nimeumia kulisikia hilo kuliko yote aliyonieleza.

7 Aprili
Nimezungumza na mume wangu kwa simu. Njia zipo. Utafiti wa Kanada wa 1997 uliwafuata wanawake 341 wenye ugonjwa hafifu: walioondolewa vidonda vyao kwa laparoskopi walishika mimba karibu 31 katika kila 100, waliochunguzwa tu 18. Wangu si hafifu tena, lakini kuna upandikizaji wa mimba, na mji huu una uzoefu. Mtoto wa kwanza wa China bara aliyetokana na mbegu moja kudungwa ndani ya yai alizaliwa 1996, kazi ya hospitali ya kwanza ya Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen. Hapa wanadai cheti cha ndoa. Nimemwambia akitoe sandukuni akitafsirishe. Nitaacha vidonge akishafika, si kabla. Kulala bila maumivu nako ni haki yangu.

15 Aprili
Maonyesho ya biashara ya Canton yamefunguliwa Pazhou, wateja kutoka Dar wamejaa. Katikati ya pilika wifi, mke wa kaka, akanitumia ujumbe wa sauti: “Wifi yangu, niletee paketi tatu za zile dawa zako, wanasema zinasafisha kizazi.” Mwaka wa nne wa ndoa anatafuta mtoto.

Nimempigia usiku. Nimemwambia wifi, sileti hata kidonge kimoja. Hivi vitakufungia mimba mwezi baada ya mwezi. Nenda kwa daktari wa wanawake, mweleze maumivu yote, hata yale ya wakati wa tendo unayoyaonea haya. Mirija ipimwe. Na kaka apimwe mbegu wiki hiyo hiyo. Akanyamaza, kisha akasema kaka hatakubali. Nimemwambia kesho nampigia mwenyewe.