Rafiki wa Kaka Yangu

Niwaambie ukweli, jamani. Kwa miaka mingi nilidhani nawajua wapenzi wa jinsia moja, kumbe niliwajua wa kwenye filamu tu. Na hao wako wa aina mbili. Kuna yule wa kuchekesha, sauti laini, kazi yake kumchagulia mwanadada viatu na kumshauri kuhusu wanaume, ilhali yeye mwenyewe hana mtu. Halafu kuna yule anayependa kwelikweli, lakini lazima aadhibiwe. Brokeback Mountain ya mwaka 2005 ilinitoa machozi: Jack anakufa, Ennis anabaki na mashati mawili kabatini. Filamu nzuri, sikatai. Ila ukizoea misiba hiyo, unaanza kuamini mapenzi yao mwisho wake ni matanga tu.

Septemba 2018, Mahakama Kuu iliruhusu Rafiki ya Wanuri Kahiu ionyeshwe Kenya kwa siku 7, kwa watu wazima pekee. Ilikuwa imepigwa marufuku mwezi wa Aprili. Kahiu alieleza kwamba bodi ya filamu ilitaka abadilishe mwisho wake wenye matumaini. Mimi na mume wangu tukapanga foleni.

Kena na Ziki ni mabinti wa wanasiasa wawili wapinzani jijini Nairobi. Kena anawaza kuwa muuguzi. Ziki anamuuliza, mbona usiwe daktari? Kuna mama mwenye kibanda cha chakula anayejua habari za mtaa mzima. Huyo hata kwetu yupo! Wanaumizwa, ndiyo, lakini hawafi.

Kilichonichoma ni jina lenyewe. Rafiki. Kwa miaka 4 kaka yangu mdogo alikuja kwangu Krismasi na "rafiki" yake, nami nikamlaza mgeni kwenye kochi. Tena mezani niliwahi kuigiza ile sauti laini ya kwenye filamu, watu wakacheka. Wao wawili hawakucheka.

Krismasi ya mwaka huo nilitandika kitanda kikubwa cha wageni. Kaka akasimama mlangoni.

"Dada, hapa analala nani?"

"Wewe na mwenzako."

Hakujibu. Alienda jikoni akaosha vyombo vyote, hata sufuria za pilau. Kesho yake asubuhi nikawasikia wanagombana: nani kasahau mswaki? Nikacheka peke yangu. Si ndivyo tunavyogombana sisi?