Thamani ya Mtambo wa Simu ya Upepo

Kila nchi ina mizani yake ya kupimia mali. Pwani mtu alihesabiwa kwa minazi yake, na mijini siku hizi huhesabiwa kwa nyumba za kupangisha. Walakini Nyamuswa, katika nchi ya Waikizu, mizani iliyo kongwe kuliko zote ni ng'ombe. Kwa hiyo mwalimu mmoja mstaafu wa fizikia alipoleta nyumbani kwake mtambo kutoka Japani wenye uzito wa kilo 12, na habari ya bei yake ilipovuja, kaka yake mkubwa hakuuliza ni shilingi ngapi wala ni dola ngapi. Aliketi, akahesabu kwa vidole, kisha akasema: "Mdogo wangu, naona ng'ombe kumi wamelala juu ya meza, na hakuna hata mmoja wao atakayezaa."

Neno hilo liliingia moyoni mwa mwalimu likakaa. Fedha ilikuwa ya kiinua mgongo, jasho la miaka ya chaki na madaftari, na mkewe alikuwa ameomba mabati mapya kabla ya masika. Mtu akitumia mali yake vibaya kwa siri hujilaumu peke yake. Akiitumia mbele ya macho ya ndugu, analazimika kutoa hesabu. Mwalimu aliazimia kuutoa hesabu mtambo wake kwa muda wa mwaka mmoja, kwa haki, kama alivyokuwa akisahihisha mitihani: bila kumpendelea mtoto wake mwenyewe.

Mtambo ule ni Yaesu FTDX101D, ulioanza kuuzwa mwaka 2019. Katika sanduku moja mna kirusha sauti cha nguvu ya wati 100, na vipokezi viwili vinavyoweza kusikiliza mahali pawili kwa wakati mmoja. Mbele una kioo kinachoonyesha mawimbi kama maji yaporomokayo mwambani, kila kituo kikiwa mfereji wake. Tarakimu 101 ni kumbukumbu ya FT-101, mtambo uliopendwa sana duniani katika miaka ya 1970. Na ndugu yake mkubwa, wenye wati 200, umepewa herufi MP kwa heshima ya Sako Hasegawa, mwasisi wa kampuni hiyo, ambaye alama yake ya kuitwa hewani ilikuwa JA1MP. Wenye sanaa hii wana desturi nzuri ya kutosahau wazee wao.

Simu ya upepo si mgeni katika nchi za Ziwa. Wajerumani walijenga vituo Mwanza na Bukoba mwaka 1911, vikazungumza juu ya maji pasipo waya. Na Juni 1915 Waingereza walipovuka kutoka Kisumu kuishambulia Bukoba, shabaha yao kubwa ilikuwa kukivunja kituo kile. Mlingoti mmoja wa chuma ulitosha kuvusha jeshi zima. Baadaye redio zilikuja na waganga, wamisionari na walinzi wa wanyama wa Serengeti, na shirika la madaktari warukao, lililoanzishwa mwaka 1957 na ambalo leo linaitwa Amref, liliifanya redio kuwa sikio lake la kupokelea habari za wagonjwa wa mbali. Redio hizo zilikuwa za kazi. Zilipotengemaa simu za mkononi, nyingi zilizimwa, na hakuna aliyezililia.

Redio ya ridhaa ni kitu kingine. Mwenyewe huomba leseni serikalini, na siku hizi anayeshughulikia jambo hilo ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Hupewa alama inayoanza na 5H, kama wazee waliomtangulia walivyopewa VQ3 zamani za Tanganyika. Kisha huruhusiwa kuzungumza na wenziwe wa dunia nzima juu ya elimu ya mawimbi, hali ya hewa, na mambo madogo ya nafsi yake. Haruhusiwi kuchuma hata senti moja. Kwa hiyo kaka mkubwa, pasipo kuisoma sheria, alikuwa amesema kweli ya sheria: ng'ombe wale wamekatazwa kuzaa.

Yuko mhandisi mmoja Marekani, Rob Sherwood, aliyejipatia sifa kwa kupima vipokezi na kuvipanga katika jedwali. Jedwali lake halifuati wingi wa vifungo wala uzuri wa kioo. Linafuata uwezo wa kipokezi kusikia sauti dhaifu wakati sauti kali imesimama karibu yake, umbali wa kilohezi 2 tu. Mtambo wa mwalimu ulipata katika kipimo hicho desibeli zipatazo 110, yaani uwiano wa moja kwa bilioni mia, ukawekwa katika safu za juu kabisa. Ni kama mtu asimame kando ya ngoma inayopigwa, naye amsikie sisimizi akitembea. Mwalimu alikuwa amelisoma jedwali hilo mara nyingi kabla ya kununua, na yamkini ndilo lililomfungua mkoba.

Hapo ndipo hesabu ilipoanza kumgeuka. Dawa ile ni ya ugonjwa wa Ulaya, ambako majirani wenye mitambo mikali hukaa mtaa kwa mtaa. Nyamuswa hakuna jirani wa namna hiyo. Kutoka Bunda hadi Butiama, na kutoka Butiama hadi Musoma, mtu anaweza kuzungusha kitasa usiku kucha asikutane na sauti moja ya ridhaa itokayo karibu. Ngoma haipo, basi sikio la kumsikia sisimizi kando ya ngoma lina kazi gani? Ugonjwa wa Nyamuswa ni radi. Ziwa Viktoria hupika dhoruba zake usiku, nchi kavu ya mashariki hupika zake alasiri, na bonde la Kongo, upande wa magharibi, ni miongoni mwa mahali penye radi nyingi kuliko pote duniani. Mlio wa radi hizo hujaza mawimbi ya chini, na hakuna kipokezi, kiwe cha bei gani, kinachoweza kusikia sauti iliyofunikwa kabla ya kufika kwenye antena.

Lakini dhana si kipimo. Mwalimu alikuwa na mtambo mwingine, mdogo na mkongwe, aliouachiwa na mmisionari aliyekuwa akirudi kwao. Alifunga swichi moja, antena moja, mitambo miwili. Akawa akigeuza mkono, mara huu, mara ule. Kwa mizani alitumia vituo vya ishara ambavyo vyama vya ridhaa vimevisimamisha katika pande zote za dunia, 18 kwa jumla. Vinapokezana kwenye kilohezi 14,100, kila kimoja kwa sekunde 10, hata mzunguko ukamalizika kwa dakika 3 na kuanza upya. Kituo hutaja alama yake kwa nukta na vistari, kisha hupiga vistari vinne virefu: cha kwanza kwa wati 100, cha pili kwa 10, cha tatu kwa 1, na cha mwisho kwa sehemu moja ya kumi ya wati, nguvu ndogo mno. Kenya ina nafasi yake kwa alama ya 5Z4B, Afrika Kusini yake, Sri Lanka, Finland, Japani, na kisiwa cha Madeira zao. Baadhi hunyamaza kwa miezi wakati mitambo yao imeharibika, na mwalimu alijifunza kuusoma ukimya huo bila kuulaumu mtambo wake.

Aliketi na daftari alasiri baada ya alasiri. Kituo kilichosikika vistari viwili katika mtambo mkubwa kilisikika vistari viwili katika mdogo. Kilichosikika vitatu, vitatu. Katika mawimbi ya juu, yapata megahezi 28, ambako mlio wa anga hupungua, ule mkubwa ulipata mara chache kistari kimoja zaidi. Na sauti yake ilikuwa laini, isiyochosha masikio, jambo ambalo haliandikiki katika safu ya tarakimu ila mtu mwenye umri wa miaka sitini na mitano hulijua saa moja baada ya kuvaa vipokea sauti. Basi. Kwa vistari, ng'ombe kumi walikuwa wamefanana na zawadi ya mmisionari.

Kisha aliugeukia waya. Waya ule wa urefu wa mita 20, uliofungwa katikati na kutandazwa baina ya mwembe na mlingoti wa mti, ulikuwa umegharimu fedha ya kuku wawili. Alipoupandisha kutoka mita 5 hadi mita 11, kwa msaada wa wajukuu na kamba, vituo ambavyo vilikuwa na kistari kimoja vilipata viwili katika mitambo yote miwili. Jambo hili limeandikwa katika kila kitabu cha fani hiyo, na mwalimu alikuwa amelifundisha darasani. Ajabu ni kwamba mtu huweza kufundisha jambo miaka thelathini bila kuliamini katika ununuzi wake.

Umeme wa gridi upo Nyamuswa, lakini hukatika, kwa hiyo mitambo hula kutoka katika betri ya volti 12 inayojazwa na jua. Huo mkubwa hunywa zaidi ya ampea 3 kwa kusikiliza tu, na zaidi ya 20 unaposema. Ule mdogo husikiliza kwa chini ya ampea moja. Betri ya saa-ampea 100, isiyopaswa kunyonywa kupita nusu, humpa msikilizaji wa mtambo mkubwa muda wa tangu magharibi hadi alfajiri, bila taa na bila kujibu mtu. Mwenye mdogo husikiliza siku mbili. Mkewe, aliyekuwa akichaji simu za jirani katika betri hiyohiyo kwa ujira mdogo, alikuwa na kipimo chake mwenyewe cha kipokezi bora, na kipimo hicho hakikuhitaji desibeli.

Mwishoni mwa Oktoba hufanyika shindano kubwa la kila mwaka la sauti, na mwishoni mwa Novemba la nukta na vistari. Kila moja saa 48. Watu maelfu hushindana kuzungumza na nchi nyingi iwezekanavyo. Mwalimu aliketi Jumamosi jioni, akatoa alama yake mara moja. Kilichofuata hakikuwa sauti, kilikuwa ukuta. Italia, Urusi, Ujerumani, Ukraine, Uhispania, wote walimwita kwa pamoja, mmoja juu ya mwenziwe, kwa sababu Tanzania ni nchi adimu hewani na yeye ndiye mlango wake. Ngoma aliyodhani haipo Nyamuswa ilikuwa imekuja yenyewe kutoka mabara mengine, nayo ilikuwa ikilia mlangoni pake. Aligeuza swichi kwenye mtambo mdogo: ukawa uji, herufi hazishikiki. Akarudi kwenye ule mkubwa, akaufinya mlango wa mawimbi hadi hezi 300, na ndani ya kelele ile akaitoa alama moja, nzima, kama mtu anavyochomoa uzi mweupe katika fungu la nyuzi nyeusi. Akaiandika. Akachomoa nyingine. Kulipokucha alikuwa bado ameketi.

Hivyo jedwali la Marekani lilikuwa limesema kweli, ila kwa siku nne za mwaka. Siku nyingine zote mtambo mdogo ulitosha, tena ulizidi kwa uchache wa kiu. Mwalimu aliyaandika hayo katika ukurasa wa mwisho wa daftari, akamsomea kaka yake.

Januari ilileta swali lililokuwa likingojewa. Mjukuu wa kike alipata nafasi katika chuo cha uuguzi, na ada ilikuwa pungufu. Kwa mujibu wa daftari hukumu ilikuwa wazi: uuzwe mkubwa, ubaki mdogo. Walipokutana, kaka mkubwa aliuza fahali mmoja, akalia machozi ambayo aliyaita vumbi. Maana yeye naye ana zizi la ng'ombe ambao wengi wao hawakamuliwi wala hawauzwi, na hajapata kuwatolea hesabu. Mwalimu akauza mtambo. Aliuza ule mdogo, kwa kijana mwenye leseni wa Mwanza, kwa bei iliyofika robo ya pengo. Robo nyingine aliikopa. Kaka yake alimtazama kwa muda mrefu, akalitazama daftari, asiseme neno. Ni vigumu kumhukumu mwalimu kwa ukali katika jambo hili, na ni vigumu vilevile kumtetea.

Alasiri moja ya mwezi wa tatu wazee wawili walikuwa wamekaa mbele ya kioo. Kaka mkubwa alikuwa amezoea kuja, akisema anafuata kivuli. Juu ya maji yaporomokayo ya mawimbi ilianza kutokea mistari myeupe ya kukata kioo kutoka upande hadi upande, mmoja, kisha miwili, kisha ikawa haihesabiki. Nje jua lilikuwa bado linawaka, na mlima Chamuriho ulionekana mweupe kwa joto. Mzee alizaliwa katika nchi ambayo utemi wake ulikuwa ni utemi wa mvua, na mambo ya mvua huyasikiliza kwa makini. Aliuliza mistari ile ni nini. Akajibiwa kuwa ni radi, za mbali bado.

"Upande gani?"

"Mtambo hausemi upande, kaka. Unasema zipo."

Mzee akatoka uani, akanusa upepo, akatazama mashariki, akarudi. "Zinatoka Serengeti," alisema. "Chomoa waya wako."

Mwalimu akauchomoa waya wa antena nyuma ya mtambo, akautupa nje ya dirisha, wakaenda pamoja kuanua mahindi.