Muuguzi Naye Atunge Swali

Hospitali zetu Tanzania zimejaa maandishi ya wauguzi: joto la mwili, mapigo ya moyo, saa ya kujifungua, saa ya kufariki. Maandishi hayo hulisha taarifa za wizara na tafiti za wasomi. Ajabu ni kwamba anayeyaandika ni nadra kuulizwa yeye angependa kujua nini.

Katika darasa langu la mbinu za utafiti, mkunga mmoja wa miaka mingi alikuwa na swali lake: usiku, mkunga mmoja anapobaki na wodi nzima, mama aliyejifungua hukaa muda gani kabla ya kupimwa tena shinikizo la damu? Majibu yamo katika mafaili anayoyajaza kwa mkono wake. Alichokosa ni muda nje ya zamu, fedha kidogo, na msimamizi wa kumfikisha kwenye kibali cha maadili ya utafiti.

Kwangu hili ni suala la mamlaka. Hoja isiyo na takwimu huitwa malalamiko, na malalamiko hayapangiwi bajeti. Mwaka 1858 Florence Nightingale alitumia michoro ya takwimu kuonyesha kwamba maradhi yanayozuilika yaliua askari wengi wa Uingereza katika Vita vya Krimea kuliko majeraha. Mwaka 2014 Linda Aiken, muuguzi na mtafiti wa Marekani, na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali za nchi 9 za Ulaya: kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30.

Takwimu hizo ni za wodi za Ulaya. Za kwetu hatuna budi kuzitafuta wenyewe. Hazitapatikana iwapo vyuo vitaendelea kumfundisha muuguzi utafiti ili ahitimu tu, kisha tasnifu yake ilale kabatini.

Waajiri watenge saa za utafiti katika ratiba ya zamu. Kila mradi unaowatumia wauguzi kukusanya data uwashirikishe tangu kutunga swali hadi kuandika majina kwenye chapisho. Nanyi watumishi wa umma mnaoandaa bajeti za hospitali, wekeni fungu la tafiti za wauguzi, hata likiwa dogo.