Nilijificha Nyuma ya Maombi

Naungama kwamba nilitumia maombi kumkwepa mama niliyemzuilia pesa zake. Nilikuwa mzee wa kanisa hapa Ongata Rongai na kiongozi wa kikundi cha maombezi. Washirika walinijua kwa kufunga na kukesha. Mama huyo alinijua kwa lango lililofungwa.

Nina ploti ndogo ya vyumba vya kupangisha upande wa Kware. Rongai imejaa ploti za namna hiyo, kwa kuwa wengi wanaofanya kazi Nairobi hawaimudu kodi ya jijini, hivyo huvumilia msongamano wa Barabara ya Magadi asubuhi na jioni ili walale mahali wanapopaweza. Mpangaji anapoingia hulipa kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na dipoziti ya mwezi mmoja. Anapohama, ikiwa alitoa notisi na hadaiwi maji wala stima, hurudishiwa dipoziti yake. Ahadi hiyo nilikuwa nimeiandika kwenye risiti ya mama yule kwa mkono wangu mwenyewe.

Mama huyo aliishi kwa kufua nguo za watu nyumba kwa nyumba, na watoto wake aliwalea peke yake. Alitoa notisi kwa wakati, akalipa maji na stima, akadeki chumba, akaniletea ufunguo. Nikamwambia kuta zimechafuka, itabidi zipakwe rangi, na dipoziti yake itaishia hapo. Kuta hizo hazikuwa chafu kuliko alivyozikuta. Ukweli ni kwamba pesa zake nilikuwa nimeshazitumia. Nilizitia katika ahadi yangu ya ujenzi wa kanisa, jina langu likasomwa madhabahuni, watu wakapiga makofi. Nilimtolea Mungu sadaka kutoka mfukoni mwa mfuaji nguo.

Alirudi kuuliza, tena na tena. Mara ya mwisho ilikuwa Januari, kanisa likiwa kwenye mfungo wa mwanzo wa mwaka. Nilimwona kupitia dirisha amesimama langoni. Nikampigia simu msimamizi wa ploti, nikasema, “Mwambie niko kwenye maombi, sionani na mtu.” Kisha nikapiga magoti, nikaomba kweli. Nilimsihi Mungu anitulize moyo na kuniondolea kila kitu kinachonivuruga nisimtazame Yeye peke yake. Katika hesabu yangu, mama yule alikuwa mmoja wa vitu hivyo.

Hapo ndipo penye mzizi wa kosa langu. Pesa zilikuwa tunda tu. Nilikuwa nimejifundisha kwamba kukua katika utakatifu ni kuongeza saa za ibada na kupunguza watu. Anayeishi Rongai ataelewa jinsi wazo hilo linavyoshawishi. Matatu za njia namba 125 zinapita na muziki unaotikisa madirisha, spika za wahubiri na za wauza dawa za panya zinashindana kituoni, na simu haikomi kulia. Mtu anatamani kufunga mlango abaki na Mungu wake. Tamaa hiyo si mbaya, kwani Yesu mwenyewe aliondoka alfajiri kwenda kuomba mahali pasipo watu. Ubaya ni pale mlango huo unapofungwa ili mtu mwenye haki yake asiingie.

Katika mfungo ule ule nilikuwa nikiongoza mafundisho ya Isaya 58. Kila mara nilianzia mstari wa nane, penye ahadi ya nuru kupambazuka na afya kurejea upesi. Usiku mmoja kijana wa kikundi chetu aliomba tusome sura yote kuanzia mwanzo. Akasoma kwa sauti jinsi Mungu anavyowakataa wafungaji wanaowaonea wafanyakazi wao siku ile ile ya mfungo, na jinsi mfungo anaoutaka unavyohusu mwenye njaa na maskini asiye na makao. Alipofika mwisho wa mstari wa saba, panapomkataza mtu kujificha mbele ya mwenzake wa damu na nyama, mwili wangu ulipoa. Kijana yule hakujua lolote. Nilimaliza ibada, nikatoa baraka, nikaenda nyumbani, na sikulala.

Hata hapo sikumtafuta yule mama. Nilikwenda kwa mzee mmoja wa wale tunaowaita ndugu, watu wa Uamsho wa Afrika Mashariki. Hiyo ni historia ya kwetu ambayo nilikuwa nikiihubiri bila kuitii. Mwaka 1929, katika kilima cha Namirembe huko Kampala, Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walikutana wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Moto ulioshika Gahini nchini Rwanda katika miaka iliyofuata ulivuka mipaka, na mwaka 1937 ujumbe huo ulihubiriwa Kabete hapa Kenya. Waliookoka waliita maisha yao kutembea nuruni. Waliungama dhambi kwa kuzitaja majina. Wamishenari waliungama kiburi chao mbele ya Waafrika. Tena hawakuishia kwenye machozi: walioiba walirudisha walichoiba, wenye madeni walikwenda kulipa, ingawa wengine walijua wataaibika.

Nilimsimulia mzee yule kwa kirefu. Nilieleza habari za moyo wangu kukauka, vita vya kiroho na uchovu wa huduma. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza neno moja: “Umemlipa?” Nikasema bado. Akasema, “Basi nenda kwanza. Tutaomba ukirudi.”

Mama yule alikuwa amehamia Kitengela. Ningeweza kumtumia pesa kwa M-Pesa nikabaki nyumbani, na nilijua hicho kingekuwa kichaka kingine cha kujifichia. Nikapanda gari hadi mjini, nikaunganisha jingine la Barabara ya Mombasa, nikamkuta anaanika nguo za watu. Nilimwambia, “Mama, kuta hazikuwa chafu. Nilikudanganya. Pesa zako nilizitumia, na siku ile sikutaka kukuona.” Nikampa dipoziti yake na nyongeza, maana Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, nami sikuweza kurudisha bila fidia yoyote.

Alizihesabu. Akaniambia kwamba kwa kukosa pesa hizo alishindwa kulipia chumba kingine kwa wakati, wakajibana kwa dada yake, na mtoto wake akachelewa kuingia shule muhula ulipoanza. Aliyasema bila kupandisha sauti. Halafu akasema, “Asante, mzee,” akaendelea na kazi yake. Hakunikaribisha ndani wala hakutamka kwamba amenisamehe. Sikuwa na haki ya kumdai hilo. Muhula ule wa mtoto wake siwezi kuulipa, na dhambi yangu sitaipunguzia uzito kwa kuitaja hadharani.

Nilijiuzulu uongozi wa maombezi baada ya kuwaambia wazee wenzangu kila kitu, pamoja na habari ya ile ahadi ya ujenzi. Dipoziti za wapangaji sasa ziko katika akaunti ya pembeni ambayo siigusi. Katika kikundi kidogo ninachohudhuria, kila mmoja hujibu kama kuna mtu anayemdai pesa, ukweli au msamaha. Hatukulibuni jambo hilo. John Wesley aliwapa watu wake desturi ya kuulizana kila wiki dhambi walizotenda tangu wakutane mara ya mwisho. Mafundisho yake ya utakatifu ndiyo yaliyolizaa Kanisa la Nazarene, ambalo chuo kikuu chake, Africa Nazarene, kipo hapa hapa Rongai. Mtu anayeulizwa hivyo na wenzake hawezi kujidanganya kwa muda mrefu.

Bado naamka alfajiri kuomba. Nayapenda maombi kuliko zamani, kwa sababu sasa simwogopi anayebisha. Waebrania 12:14 unatuagiza tutafute amani na watu wote na utakatifu kwa pamoja, katika mstari mmoja. Mimi niliukata katikati nikachukua nusu iliyonipendeza.

Ndugu yangu, dada yangu, unayejiandaa kwa mfungo: kabla hujaandika orodha ya mahitaji yako, andika orodha ya watu. Mfanyakazi wa nyumbani ambaye mshahara wake unausogeza mbele mwezi hata mwezi. Mpangaji uliyemkata pesa kwa sababu ya uongo. Ndugu ambaye hupokei simu zake. Dawa ya deni ni kulipa, na hakuna kesha linaloweza kulipa mahali pako. Nenda kwake leo, mwite kwa jina, mpe kilicho chake. Kisha rudi uombe.